Ndovu wa Dada Mwanaisha

Jumatatu, 12 Agosti
Nimemwagilia maua ya Mtaliano, tajiri wangu. Nimefyeka njia. Malindi nzima hakuna bustani ya kushindana na hii, na siri yake naijua mimi peke yangu. Mtaliano akiwa kwao hunipigia simu kila wiki, aniulize hiki kipandwe wapi na kile kikatwe lini.

Alasiri nimepita kwa dada Mwanaisha. Amekonda. Mkono wake nauzungushia vidole viwili vikakutana. Hospitali wamemrudisha, wamesema apewe kila anachotaka. Sisi si watoto, tumeelewa.

Bintiye, Rukia, amekuja kutoka Mariakani. Ni mwalimu huko na shule zimefungwa. Amemuuliza mamake anataka nini. Nilidhani atasema samaki wa kupaka. Akasema, "Nataka kumwona yule ndovu wa Kasimu."

Nimecheka. Kasimu ni mimi.

Jumanne, 13 Agosti
Niandike vizuri, isije ikapotea. Mimi zamani nilikuwa naongoza wageni katika msitu wa Arabuko. Wazungu walikuwa wakikataa watu wengine, wanangoja zamu yangu. Kulikuwa na ndovu dume, pembe ya kushoto imevunjika. Akiniona huinua mkonga. Siku moja nililala mchana chini ya mti, nikaamka nikamkuta amesimama kunikingia jua.

Dada nimemsimulia haya tangu Rukia hajazaliwa. Yeye anakuna nazi, mimi nasimulia. Hakuwahi kunibishia. Alikuwa akisema tu, "Ehe, kisha?"

Sasa ana miaka sitini na mbili. Msitu uko pale, kwa gari ni mwendo mfupi. Hajafika hata siku moja. Mahamri kabla ya alfajiri, kuuza, kufua, kuuguza mume hadi akamzika. Rukia ameazima gari kwa rafiki yake. Twaenda Alhamisi. Msituni, kisha hori ya Mida kutazama heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, kisha magofu ya Mnarani. Nimewaambia ndovu namwita kwa mluzi.

Jumatano, 14 Agosti
Nimemuuliza jamaa mmoja anayekaa karibu na msitu. Asema ndovu wamehamia upande wa mbali. Hajaona hata kinyesi kibichi.

Rukia nimemwambia mambo yako sawa.

Dada ametaka asmini za kuvaa kichwani. Nimemchumia kwa Mtaliano kikapu kizima. Ametoa leso mpya aliyoiweka miaka, haijakatwa hata pindo. Kama mtu aendaye harusini. Nimeondoka mapema. Sikuweza kumtazama.

Alhamisi, 15 Agosti
Tumetoka saa kumi na mbili na nusu. Dada nyuma, mito miwili, asmini zimejaza gari harufu. Mimi mbele, nimevaa kofia ya kitambaa kama siku zile. Nilisema sana. Kila mti nilikuwa na habari yake. Rukia anaendesha, macho barabarani.

Tukafika kwenye ziwa dogo mle msituni wanapokuja kunywa maji. Tukamfungulia dada mlango, akakaa vile vile kwenye kiti, miguu nje. Tukangoja. Saa nzima. Nikapiga mluzi. Kunguru wakaruka. Nikapiga tena mpaka midomo ikakauka.

Nikaona kitu cheusi nyuma ya kichaka. Nikasema yule pale, dada, amejificha, ana haya ya wageni. Rukia akatazama kule, kisha akanitazama mimi. Afadhali angenitukana.

Dada alikodoa macho muda mrefu. "Kile ni kisiki, Kasimu."

Nikavua kofia, nikaikunja.

Ndipo akatokea sange. Kila mtu wa huku amjua, mdogo kama paka mchanga, mgongoni hudhurungi, matakoni manjano kama amekalia bizari, na pua ndefu inayochezacheza. Akaja hadi karibu na miguu ya dada, ananusa majani kwa kile kijimkonga chake. Hana habari na mtu.

Dada akamwangalia. Akasema, "Shikamoo, ndovu." Akanigeukia. "Na pembe je, aliivunjia wapi?"

Akacheka. Rukia naye akacheka. Dada alicheka hadi kikohozi kikamshika, tukamshikilia mabega, na machozi yanamtoka na bado anacheka. Sange alishakimbia. Nilicheka na mimi. Ndani nilikuwa nimekwisha.

Mida pia niliharibu. Nilisahau maji. Mtu niliyezaliwa pwani, nikasahau kuhesabu maji. Tumefika yamejaa pomoni, mikoko imezama hadi viunoni, na ndege hushuka matopeni maji yakitoka. Hakuna heroe hata mmoja. Dada akasema upepo mzuri, inatosha.

Mnarani Rukia alikwenda kutazama magofu. Sisi tukabaki kivulini, Kilifi ng'ambo, maji ya buluu chini yetu. Nikamwambia dada, nisamehe. Sikuwahi kuongoza mgeni yeyote. Nilikuwa kibarua, nafyeka njia, miezi mitatu. Ndovu nilimsikia mara moja tu, akivunja matawi. Nilikimbia hadi barabarani, panga nikaliacha huko.

Kitu hiki sijawahi kumwambia mtu. Hata wewe daftari nilikudanganya juzi.

Dada alikuwa anararua mkate, anawarushia ndege wadogo. Hakushangaa hata kidogo. Akasema, "Nazi zote zile ningezikunaje peke yangu?"

Kisha akalala begani mwangu. Mwepesi. Asmini zimenyauka.

Ijumaa, 16 Agosti
Nimeswali. Sikupita kwa dada. Aibu.

Jumapili, 18 Agosti
Nimepita. Chumba kimejaa wanawake wa mtaani, wanacheka humo ndani. Nilipobisha hodi wakanyamaza. Dada akaniangalia kwa jicho la utotoni, lile la mtu aliyeficha kitu.

Hali chakula. Maji kwa kijiko.

Jumatano, 21 Agosti
Dada Mwanaisha ametutoka. Alfajiri. Tumemzika alasiri. Niliingia kaburini mwenyewe kumpokea. Sikuhisi uzito.

Ijumaa, 23 Agosti
Leo tumemsomea hitima. Watu wengi, mikeka imefika hadi barabarani. Baada ya dua bi mkubwa mmoja, jirani yake wa miaka, aliniita mlangoni. Akanishika mkono mbele ya watu.

"Mwanangu, Mungu akulipe. Marehemu alitusimulia. Alisema hajapata kuona kitu kikubwa vile. Alisema ulipiga mluzi mara moja tu, ndovu akaja, pembe imevunjika ya kushoto, akakuinulia mkonga."

Wanawake wote ndani wanaitikia. Mmoja akaongeza kwamba ndovu alisimama mbele ya gari kumkingia marehemu jua. Mwingine akasema alizinusa asmini za kichwani kwake.

Hiyo ya asmini si yangu. Ameitunga mwenyewe.

Wanaume nao wakageuka kwenye mikeka. Kasimu, hebu tusimulie. Watu waliokuwa wakinikimbia nikifungua mdomo, leo wamenyamaza wananingoja. Rukia alikuwa kwenye kizingiti na sinia ya kahawa. Alijua yote. Alinitazama, akainamisha kichwa kidogo, kama kuniambia, haya, sema.

Nikasema ni kweli, kama alivyosema yeye. Sikuongeza neno. Sijawahi kusimulia kitu kifupi hivyo.

Nikaenda nyuma ya nyumba, palipo na mbuzi yake ya kukunia nazi. Nikaikalia. Nililia kama mtoto.

Jumanne, 27 Agosti
Rukia amerudi Mariakani, shule zafunguliwa. Ameniachia ile leso. Alitaka kuikata pindo anipe kipande, nikamwambia iache nzima.

Naandika mara moja, hapa, basi. Ndovu hatukumwona. Tulimwona sange. Akiniuliza mtu nitasema ndovu, kwa sababu hayo ni maneno ya dada na mimi si wa kumbishia.

Nimemwagilia maua. Mtaliano hajapiga simu tangu mwaka jana. Asmini zimechanua tena upande wa ukuta. Sikuzichuma.