Feni Zilizofundishwa Kudanganya

Karakana, Hukou
Jumamosi jioni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta salama wewe na Mama, na kwamba baridi ya huko Xinpu haijakusumbua sana magoti. Dawa ya kikohozi ya Mama nampa yule dereva wa mboga kesho pamoja na barua hii, atawaletea. Matunda ya persimoni uliyoyakausha tumeyapata, na wafanyakazi wameyagombania kama kawaida yao. Mimi ni mzima wa mwili. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na leo nataka nimalize.

Baba, nina hasira. Nimeshinda nayo hapa kwenye meza ya majaribio, nafungua feni na kuzifunga bila sababu, na mtu wa posta nimemfokea wakati hakunikosea lolote.

Feni yetu unaijua, lakini nitaieleza tena, maana naona kuna watu wameisahau. Feni za wengine za kupoza kompyuta huzunguka mpaka zife, na kompyuta haina habari mpaka imeshaungua. Sisi wawili tukaipa ya kwetu sauti. Mafuta yake yakianza kukauka, inaipelekea kompyuta ujumbe kwenye waya kwamba imechoka, na kompyuta inapunguza kazi na kumwita fundi. Ulikuwa unacheka ukisema ndiyo feni pekee yenye adabu ya kuaga kabla ya kuugua. Hati ya hataza ilipokuja, ile ya serikali inayosema ubunifu ni wetu, na majina yetu mawili juu yake, uliitundika karibu na madhabahu ya mababu, mpaka Mama akakuuliza kama na feni nayo ifukiziwe ubani.

Mwaka huu yule mteja mkubwa wa Taipei akaanza kunung'unika. Alisema feni zetu zina maneno mengi, mafundi wake wanaamshwa kila mara kwenda kubadilisha kitu ambacho bado kinazunguka. Kaka Jui-teng, uliyemwachia kiti chako cha ubosi, alinijia akauliza kama siwezi kuzifanya ziwe na uvumilivu kidogo. Nikamjibu kwamba feni haijaolewa na mtu, haina sababu ya kuvumilia. Akacheka, akaenda zake, nami nikadhani yamekwisha.

Kisha ikaja habari ya hospitali ya kusini, inayotumia mashine za mteja huyo. Chumba chao cha kompyuta kilipata joto mpaka mashine zikaanza kufa moja baada ya nyingine. Feni zilikuwa zimesimama, na kila moja ilikuwa bado inaiambia kompyuta kwamba iko sawa. Fundi wao, Lai Pei-ju, mama wa watoto wawili, aliingia kuchomoa mashine moja, na kisanduku chake cha umeme kikamlipukia mikononi. Nilikwenda kumtazama. Mikono yake imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko, na mama mkwe wake ndiye anayemlisha uji. Aliniuliza, bila ukali wowote, "Dada, sasa mbona ilisema iko sawa? Mimi niliiamini." Niliomba wanipe feni moja kati ya zile zilizosimama.

Nilirudi na feni moja ya kwao mkobani. Nilipoifungua nikakuta yale maelekezo niliyoyaandika mimi yameondolewa na mengine yamewekwa mahali pake. Feni ile, hata uiulize nini, inajibu jambo moja tu, kwamba haina tatizo. Haikuharibika, Baba, ilifundishwa. Nilianza kuuliza ni nani, na kila niliyemuuliza alikumbuka ghafla kwamba ana kazi ya haraka upande wa pili wa karakana.

Juzi tukala chakula cha kufunga mwaka. Ulipokuwa mwenye kiti wewe, kichwa cha kuku, ambacho kwa desturi humtazama anayeachishwa kazi, kilielekezwa kwako, watu wakacheka na kula kwa amani. Hakuna aliyewahi kufukuzwa kwa kuku katika karakana yetu. Mwaka huu Jui-teng alisimama, akasema ya hospitali yametokana na uzembe wa chumba cha majaribio. Kisha akaizungusha meza, ile ya duara inayogeuka na sahani zake, kwa kidole, taratibu, mpaka mdomo wa kuku ukamtazama Mzee Tien-fu, msimamizi wa chumba hicho. Ndiyo, Tien-fu wako, aliyeanza na wewe wakati karakana ilikuwa banda la gari chini ya nyumba yetu. Huyo ambaye mpaka leo anabadilisha zile pakiti za kijani za vitafunio tunazoweka juu ya mashine ili zisisumbue, kabla hazijapitwa na tarehe, eti mashine ikiwekewa kilichochacha itanuna.

Mama wa stoo alinong'ona, "Bosi, geuza hiyo sahani bwana, utani umetosha." Jui-teng hakugeuza. Mzee Tien-fu akanyoosha vijiti vyake, akakichukua kile kichwa, akakitafuna bila haraka na kutema mifupa kwenye bakuli. "Kitamu," akasema. "Ila mwambieni mpishi apunguze tangawizi." Akavaa koti lake akatoka.

Nilimfuata kaka mpaka kwenye maegesho ya magari. Nilimwita mwoga, nikamwita na mengine ambayo sitaki Mama ayasikie ukimsomea. Alivumilia mpaka nikakosa pumzi. Ndipo akasema, "Yun-chi, hivi wewe unadhani mimi nina ubavu wa kuigusa feni ya Baba bila Baba mwenyewe?" Akatoa simu yake, akanisikilizisha.

Ilikuwa sauti yako. Nyuma yake nilimsikia Mama akiita watu waje kula. Ulisema hivi: "Ifunge mdomo hiyo feni. Mteja ananunua ubaridi, hanunui malalamiko. Dada yako asijue, huyo atatusumbua." Na ujumbe wa pili, wa baada ya hospitali: "Mtwike Tien-fu. Yeye ananielewa."

Jana nilikwenda kwa Mzee kumwambia. Alikuwa anajua. Alisema alitambua kuwa ni wewe tangu meza ilipoanza kuzunguka, kwa kuwa Jui-teng hana roho hiyo. Nilimuuliza kwa nini hakusema kitu. Akajibu kwamba kama ungekwenda mwenyewe ukamwomba aubebe mzigo huo, angeubeba. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwako, Baba, na ukamtumia kuku. Hapo ndipo nilipolia, na machozi hayo sijakusamehe bado.

Jui-teng anasema nikifungua mdomo nitawaachisha watu kazi, na huenda ni kweli. Mama wa stoo ana mkopo wa nyumba, nimeufikiria usiku kucha. Lakini feni zile ziko kwenye vyumba vingine pia, kwa watu wengine kama Pei-ju, na wakati unasoma barua hii zinasema ziko sawa. Kwa hiyo Jumatatu nakwenda Taipei kwa mteja, na feni mbili mkobani, ile tuliyoibuni na ile uliyoinyamazisha. Nitawaonyesha zote mbili. Nitasema jina lako, kwa sababu liko kwenye hataza pamoja na langu, na sitalisema kwa kuficha uso. Kutoka hapo nitashuka kusini kwa Pei-ju, nimjibu swali lake.

Nisalimie Mama sana, na majirani wote wanaoniulizia. Mzee Tien-fu anakwenda nami, nitakuja kumchukua Jumatatu asubuhi, kwa hiyo gari utaliona likisimama pale. Amesema yeye atakaa nyuma. Sitapiga honi.

Ni mimi mwanao,
Peng Yun-chi