Wanaopika Chini ya Matete

Yaya wangu,

Niliolewa! Naandika neno hilo hapa Bunia, katika chumba chetu kipya, na furaha imenijaa. Halafu nakumbuka kwamba wewe, kaka yangu, hupo tena duniani, na furaha inakaa chini.

Siku ya mahari, baba mdogo alishika kamba ya mbuzi mahali pako. Alisema wewe ungewakagua mbuzi hao hata meno. Watu walicheka. Mimi nililia ndani ya kitenge.

Mume wangu Dieudonné ni mwema mno. Akiniita "mupenzi" mbele ya watu naona haya, na natamani arudie. Lakini tulikaribia kugombana kwa ajili ya kile kipande cha ufuko ulichoniachia Tchomia, kando ya ziwa. Alitaka kufyeka matete yote, akaushe tope, ajenge tanuri la samaki. Tulipofika alizama hadi magotini na viatu vyake vya harusi, akaziba pua.

"Muke wangu, hapa kunanuka mufu!"

Neno hilo lilinichoma, yaya. Nikamweleza kama ulivyowaeleza wanafunzi wako: tope limejaa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vinaozesha majani yaliyoanguka, vinailisha mizizi, na samaki wadogo wanapata chakula palepale. Nikamwambia hata mikoko ya Moanda, inayosimama katika maji ya chumvi, inalishwa na vijidudu vya tope lake. Ulitamani sana kuiona. Hukufika.

Nikamwambia pia kwamba utotoni niliziba pua kama yeye, ukanipiga kofi dogo mgongoni: "Weye, heshimu! Mule chini kuko watu wanapika."

Dieudonné akainama, akatazama vifaranga vya samaki vikijificha kati ya mashina. Kisha akasema tanuri litajengwa kule juu, penye udongo mkavu, ingawa atabeba samaki mbali zaidi. Nilimpenda upya, nikiwa nimesimama ndani ya tope.

Jumapili ndugu zake walikuja kutembea pale ufukoni, wakaanza kukunja nyuso. Kabla sijafungua mdomo, yeye akawakemea: "Muheshimu! Kuko watu wanapika."

Hakuwahi kukuona, yaya. Lakini nilikusikia.

Lala salama. Panga halitaingia pale nikiwa hai. Na Mungu akitujalia mtoto, nitamtia miguu katika tope lako kabla hajajua kuziba pua.

Mdogo wako,
Neema