Yai la Mama Mkwe

Alhamisi, Aprili 1974

Leo kumepoa. Mvua ya alfajiri imeacha vidimbwi uani, na upepo unapuliza kama umetumwa. Nimekaa mlangoni na kanga mbili mabegani, naandika haraka kabla mume wangu Yusufu hajarudi toka shamba la kijiji. Akinikuta na daftari atanitania kwamba namwandikia mchumba.

Nina mimba.

Ndiyo mara ya kwanza naliandika neno hilo. Huku kwetu mimba haitangazwi, inaachwa ijioneshe yenyewe, na mimi nina sababu zaidi ya kunyamaza. Mbili za kwanza zilitoka hata majirani hawajajua. Hii imefika mahali ambapo zile hazikufika, na kila nikiamka kitu cha kwanza ni kujipapasa tumbo. Naipenda mno, naiogopa vilevile.

Anayejua ni Yusufu na mama yake, ambaye tunaishi naye tangu tuhamie hapa kijijini. Mama mkwe wangu ana mdomo, lakini sijapata kuona mtu anayelinda tumbo la mwenzake kama yeye. Ndoo ya maji hataki niiguse. Nikiinama kufagia, anakohoa. Na mayai ndiyo kabisa, hataki hata niyakusanye.

Mtu wa mbali atashangaa. Sisi kuku tunao mpaka uvunguni. Tulipohamishwa na serikali tulisahau jembe, ila tenga la kuku halikusahaulika. Lakini yai ni la kutotoleshwa au la kupelekwa kituoni Mkiwa kwa wasafiri wa mabasi. Mwanamke halili, na mwenye mimba ndiyo asiliote hata ndotoni. Wanasema mtoto atazaliwa kipara, tena atakuwa mkubwa mno hata ashindwe kutoka.

Ningecheka, ila najua hofu ya mama mkwe ilikotoka. Mdogo wake alifia kwenye uzazi, na watu walisema alikuwa anakula mayai kwa siri. Hilo alinieleza siku moja tukipepeta mtama, kisha akaendelea kupepeta kana kwamba hajasema kitu.

Sasa mwezi uliopita nesi wa zahanati alinivuta jicho chini akatikisa kichwa. Damu hakuna. Alinipa vidonge, akaniambia nile maharage, maini, mboga za majani na mayai. Maharage yamekauka mwaka huu. Maini tunayaona kwenye sherehe. Mlenda ninaula mpaka naota mlenda. Kilichobaki ni mayai, na mayai yako ndani ya chungu, chini ya kitanda cha mama.

Ningeweza kuiba. Nilifikiria, sitajidanganya. Lakini nilikumbuka alivyoninywesha uji kwa mkono wake siku zile za kutapika, nikashindwa. Nikakaa na kizunguzungu changu.

Juzi nikaanguka kando ya kisima, nilipomsindikiza mama kuteka maji. Sikuumia, nilikaa tu chini ghafla na dunia ikazunguka. Mama hakugomba. Leo asubuhi akavaa kanga yake mpya, akasema tunakwenda wote zahanati, anataka kumsikia huyo nesi kwa masikio yake.

Maskini mama yangu. Hakujua anakwenda kusikia nini.

Nesi alituweka mbele ya picha iliyochorwa kwenye kitambaa, akaanza mwanzo kabisa. Mbegu ya baba inavyoogelea, yai dogo la mama linavyoisubiri, vinavyokutana na kuwa kitu kimoja, kisha kitu hicho kinavyoshuka taratibu mpaka kwenye mji wa mimba na kujishikiza humo. Mambo hayo hayasemwi mbele ya mkwe. Mama alijifunika uso kwa kanga yake mpya, mimi nikawa nahesabu vidole vya miguu. Nesi wala hakutujali.

Alipofika kwenye kitovu na kondo la nyuma, kanga ikashuka kidogo. Jicho moja likatokea.

"Na huyo mtoto humo ndani anakula nini?" mama akauliza.

"Anachokula mama yake, bibi. Huyu asipokuwa na kitu, mtoto atachukua hata kile kidogo alichobakiza. Kikiisha, wataishiwa wote wawili."

Mama akauliza kama kuna wanawake wanaokula mayai na bado wanajifungua salama. Nesi akamwambia yeye mwenyewe amezaa wanne, na mayai amekula kwa wote. Mama akamtazama kichwani, nadhani alikuwa anatafuta upara wa ukoo. Kisha akashukuru, tukaondoka.

Njia nzima alitangulia mbele, macho chini. Nilijua anamfikiria mdogo wake, na nikaona aibu kana kwamba mimi ndiye niliyemletea huzuni hiyo.

Tulipofika nyumbani akaingia ndani, akatoka na mayai mawili. Akayachemsha mwenyewe. Akayamenya taratibu, akayaweka kwenye sahani ya bati, akaketi kwenye kigoda mbele yangu. Nikanyoosha mkono.

Akaupiga.

"Ngoja. Mimi kwanza. Kama lina baya lolote, likaanze na mimi, nimeshazeeka."

Akalitia mdomoni. Mwanamke huyu ana wajukuu kwa mabinti zake, amefuga kuku maisha yake yote, na alikuwa hajawahi kuonja yai. Alitafuna amefumba macho. Nilimwona akimeza, na machozi yakanitoka hata sikuyafuta.

Akafumbua jicho moja.

"Kumbe wanaume walikuwa wanatuficha hiki?"

Tulicheka mpaka kuku wakatawanyika. Kisha akanisukumia sahani. Nikala yai langu lote, yeye akinitazama kila tonge, mkono wake umeshika goti langu kwa nguvu. Bado anaogopa, na amenipa hivyohivyo.

Nilipomaliza, alinifuta mdomo kwa ncha ya kanga yake mpya kama mtoto mdogo.

"Akizaliwa hana nywele," akasema, "nitamfunga kilemba, na atakayecheka atanijua."

Sasa namsikia jikoni, anamfukuza kuku aliyeingia ndani, anamwambia akatage, kuna mtu anasubiri.

Wewe uliyemo humu tumboni, umesikia? Bibi yako amekwisha kukutafutia kilemba. Kaa basi, mwanangu. Kaa.