Mahindi ya Zuhura

Gungu, Jumanne

Leo tulikuwa na mkutano wa wanachama wa ushirika. Nilimweleza jirani yangu Zuhura, taratibu, kwamba chama cha ushirika kikiwa mnunuzi pekee, walanguzi hawatatujazisha tena magunia ya lumbesa kupita kipimo.

Akanimiminia mahindi yake kiganjani. Nusu yalikuwa vumbi la wadudu.

“Mwalimu, chama hakijaanza kununua. Hawa dumuzi nao niwaeleze wasubiri?”

Wanachama wakacheka. Mimi ndiye niliyemzuia asimuuzie mfanyabiashara wa Kasingirima.

Kesho nitakwenda kwake nimwambie auze yaliyobaki, na kwamba nilikosea.

Mke wangu angeliona kosa hilo kabla chai haijapoa. Tangu afariki hakuna anayenibishia humu ndani, nami nikadhani siku hizi sikosei.