Moshi Mbele ya Kabati la Hezron

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Nimepiga deki maabara mapema. Keshokutwa anakuja fundi wa kupima lile kabati la kioo wanalofungulia makohozi ya wagonjwa wa TB. Hewa inatakiwa iingie ndani, isimrudie anayefanya kazi. Mume wangu Hezron alikaa pale miaka minne. Kifua kikamchukua mwezi wa pili. Sasa kiti chake anakalia Rozi – na ana mimba ya miezi mitano! Anasema nisihofu, linanguruma vizuri. Hezron naye alisema hivyo hivyo. Wakikuta ni bovu nitapiga kelele mpaka ling'olewe.

Jumatano, 9 Oktoba

Fundi kafika. Abdulwahab, mtu wa Tanga, mcheshi. Kaniona mlangoni na ndoo yangu. "Ingia mama, uone sinema!" Ana kijiti kinachotoa moshi mweupe. Akakipitisha mdomoni mwa kabati – moshi wote ukavutwa ndani. Rozi akapiga makofi. Mimi nikalia. Basi si kabati.

Kesho atarudia mara moja, kisha abandike stika.

Jioni nimekunja koti jeupe la Hezron. Mfukoni bado mna maganda ya karanga.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimeamka mwepesi. Nimefuta vumbi, nimefungua dirisha kama kila asubuhi. Jana tu nilichelewa kulifungua, kwa ajili ya mgeni. Hezron alilipenda wazi. Kahawa ikichanua alikuwa ananiambia, "Fungua, mama Loisi, ninuse kwetu Mbebe." Namfungulia.

Abdulwahab akawasha kijiti. Moshi ukaenda – ukasita – ukageuka, ukampitia Rozi usoni. Rozi akacheka, akaupunga kwa mkono. Fundi hakucheka. Akatazama kalenda inavyopepea ukutani. Akafunga dirisha: moshi ukaingia wote. Akafungua: ukatoka.

Akasema kabati ni zima, upepo ndio unaikata hewa yake. Hili dirisha huwa wazi?

"Kila siku," Rozi akajibu. "Mama anatujali huyu! Bila yeye tungeiva humu."

Fundi akanigeukia, kwa upole kabisa. Tangu lini, mama?

Nikasema nafuata misumari ya kulipigilia dirisha.

Niko stoo, nimekaa juu ya ndoo. Misumari nimeipata, iko mapajani. Rozi ananiita koridoni – mama, njoo basi, fundi anasubiri na kalamu, anataka aandike kwenye fomu ni tangu lini