Cha Voi na cha Bomeni

Jumatatu, 9 Machi
Uji, kisha dawa ya presha. Kidonge cheupe cha hospitali hapa Voi. Halafu kile cha pinki cha kliniki ya Bomeni, mwanangu Mwakio alikonipeleka Krismasi. Kuku nimewafungulia. Au ilikuwa jana? Chumvi imepotea tena.

Jumatano, 11 Machi
Chumvi iko kwenye ndoo ya mahindi ya kuku. Nani kaiweka? Naishi peke yangu.

Ijumaa, 13 Machi
Nilisimama, kichwa kikazunguka, nikaanguka jikoni. Goti tu. Jirani yangu Wakesho kaniinua, halafu mbio kumpigia Mwakio simu. Mdomo wake huyo! Sasa Mwakio anasema akili yangu inaniacha, nihamie kwake Bomeni, nyumba hii ipangishwe. Thubutu! Nyumba niliyojenga na baba yake! Lakini ile chumvi, jamani. Naogopa.

Jumapili, 15 Machi
Kanisani nimemwita mchungaji kwa jina la yule wa zamani, marehemu. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mwakio anakuja Alhamisi na pikap.

Jumatano, 18 Machi
Hospitali. Sista mgeni, mkali. Kapima presha, kaguna, kapima tena. Iko chini mno.
"Mama, unameza nini kingine?"
Nikasema hakuna. Uongo. Daktari wa hapa kanitibu miaka, ningemwambiaje nimeenda kwa mwingine? Na yule wa Bomeni sikumwambia ninazo za Voi, asije akaona namdharau. Sista hakuniamini. Kaniambia niende nyumbani nilete kila ninachomeza, hata cha mafua.
Nikarudi na kiondo. Kamwaga vyote mezani. Cheupe na cha pinki kaviweka pamoja. Dawa ni moja, kampuni mbili tu. Kumbe nameza maradufu tangu Krismasi! Daktari kaja, kaniachia cheupe, cha pinki kabaki nacho. Kasema presha ikishuka hivyo mtu huanguka, hata husahau. Hakukasirika hata kidogo. Nimelia mbele ya watu. Kwa aibu au kwa furaha, sijui.

Alhamisi, 19 Machi
Mwakio kaja. Nimemweleza. Haamini. Hata mimi siamini sana. Tumekubaliana angoje mpaka Pasaka. Pikap imerudi tupu.

Jumatatu, 30 Machi
Uji. Kidonge kimoja. Kichwa kimetulia. Jana baada ya kula niliweka chumvi kwenye rafu, karibu na majani ya chai. Leo asubuhi iko kwenye rafu, karibu na majani ya chai. Nimekaa nikiiangalia mpaka uji ukapoa.