Mwani Mwekundu wa Mhezi

Jumanne, 6 Julai 1971

Nimeupata! Kwenye kijito cha juu ya nyumba yetu, penye kivuli kizito. Vishada vyekundu vilivyofifia, urefu wa ukucha, vinateleza kama kamasi. Jamaa zake karibu wote ni wa baharini — huu unafanya nini huku milimani? Kwenye hadubini kila uzi ni kama shanga zilizotungwa. Ila jina bado. Aina hutambuliwa kwa vinundu vya uzazi, na hivi vyangu bado vichanga. Nisubiri. Umeota kwenye jiwe moja tu!

Alhamisi, 8 Julai

Baba mdogo Zebedayo, mwenyekiti wa kijiji, kaja kuuliza nachungulia nini majini. Nikasema ni mmea adimu, Chuo Kikuu kinautaka. Akafurahi mno. Kesho nashuka Same kutafuta spiriti ya kuuhifadhia.

Jumatatu, 12 Julai

Wameuua!

Nilipoondoka tu, Baba mdogo akaitisha msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Kila nyumba ilitoa mtu na panga lake. Wamefyeka miti yote juu ya kijito. Jua linachoma mawe. Wamejenga hata uzio wa kuzuia mbuzi!

Nilimfokea mbele za watu. Yeye ananishangaa: mmea gani huzaa gizani, mwanangu? Hata maharage yanataka jua. Mwakani tutakuwa na shamba la ujamaa la mwani! Nikamwambia jua linauua. Akauliza kwa upole, ulituambia?

Sikuwaambia.

Jirani yetu Asnath akanyoosha viganja vyenye malengelenge. Eti kaacha kuchuma kahawa yake kwa ajili ya makamasi yangu, na hata shikamoo hapati! Wakacheka. Mimi nikalia kwa hasira, kama mtoto.

Jumatano, 14 Julai

Umepauka wote. Kimebaki kishada kimoja upande wa chini wa jiwe — chekundu, na vinundu vinavimba! Siku chache tu, nitajua jina.

Mama anasema nikizidi kuwaambia kazi yao imeuua, nani atakuja tukifiwa?

Alhamisi, 15 Julai

Asubuhi. Wamejaa uani na ndoo za samadi. Samadi! Wanaipeleka kijitoni, kuurutubisha mmea wa binti yao; ikimwagwa, hata kile kishada cha mwisho kitakufa. Mama ananisukumia khanga, nivae nitoke. Baba mdogo anawanyamazisha: msomi wetu atasema neno la shukrani.

Nawachukia. Nawaona dirishani, wote wanatabasamu, Asnath mbele kabisa, viganja amevifunga vitambaa, ndoo kichwani —